Habari Iliyoitangulia Rekodi

Gazeti lilikuwa juu ya meza tangu Ijumaa na hakuna aliyelikunja. Inspekta Kuruthumu alilisoma kwa mara ya nne, kalamu mkononi, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi ambaye keshajua amefeli.

PROGRAMU YA BURE YAUA MAMA KIBONDO.

Chini ya kichwa hicho palikuwa na picha ya Divine Manirambona akiwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, anacheka. Picha ya marehemu haikuwepo.

Divine mwenyewe alikuwa amekaa ng'ambo ya meza. Hakuwa akicheka. Alikuwa nje kwa dhamana ya polisi, na kila asubuhi saa mbili alitakiwa kuripoti hapa Kasulu, katika chumba kidogo ambacho Kuruthumu aliazimwa alipotumwa kutoka Kigoma mjini kulishika jalada. Leo ilikuwa Jumatano. Ijumaa jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na mpaka sasa jina lililokuwa juu yake ni la binti huyu.

"Nieleze tena," alisema Kuruthumu. "Polepole. Kama unamweleza mtu anayeuza mihogo sokoni."

"Nimeshaeleza mara tatu, afande."

"Ya nne."

Divine alikunja mikono. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Makere, wa wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi na sasa ni raia. "Zahanati inaandika wagonjwa kwenye kompyuta. Jina, umri, ugonjwa, dawa, mzio. Mahali maandishi hayo yanapokaa panaitwa kanzidata. Kanzidata niliyoiweka ni programu huria. Maana yake walioitengeneza wameuacha wazi utaratibu wake wote. Ukitaka unasoma jinsi ilivyoundwa, unanakili, unabadilisha ikufae. Mimi niliichukua nikaivalisha Kiswahili na kuifanya iweze kutumika umeme ukikatika. Zahanati kumi na moja zinaitumia, Kibondo na Kasulu."

"Esteri alikuwa mgonjwa wa zahanati ya Daktari Fidele, Kibondo."

"Ndiyo."

"Alhamisi alikwenda na kidonda cha mguu. Jembe lilimkata. Akachomwa penisilini. Akafa baada ya dakika kumi na nane. Daktari Fidele anasema kompyuta yako ilimwambia mgonjwa hana mzio. Nimeikamata kompyuta hiyo na ni kweli imeandikwa HAKUNA."

"Mimi sijui kwa nini imeandikwa hivyo."

"Saa tano asubuhi siku hiyo ulikuwa wapi?"

Divine alinyoosha kidole kwenye gazeti, kwenye picha yake mwenyewe. "Hapo. Kwenye semina ya wenye maduka ya dawa, hapa hapa Kasulu. Kuanzia saa nne hadi saa saba. Aliyepiga picha hiyo ndiye aliyeandika habari hiyo."

Kuruthumu aliandika. Kisha akaisogeza karatasi ili binti aweke saini.

"Afande," alisema Divine akiwa bado ameinama. "Wenye zahanati wanakutana kesho. Watarudi kwenye madaftari. Au watanunua Kito, mfumo wa kulipia."

"Saini na hapo chini."

*

Mwandishi aliitwa Salumu. Alikuwa mwakilishi wa gazeti la Mwale wa Magharibi mjini Kasulu, na ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni katika mgahawa nyuma ya soko. Aliagiza chai mbili kabla Kuruthumu hajaketi.

"Huyo binti mimi ndiye niliyemtoa," alisema. "Habari sita nimemwandikia. *Binti wa Makere aziunganisha zahanati kumi na moja.* Ilisomwa mpaka Dar. Daktari Fidele naye nikamtoa, wa kwanza Kibondo kuachana na madaftari. Ameiweka ukutani kwenye fremu."

"Katika habari hizo sita uliandika programu huria. Katika ya saba umeandika programu ya bure."

"Si ni kitu kimoja? Haiuzwi."

"Yeye anasema huria."

"Kichwa cha habari hakina nafasi ya herufi nyingi, afande."

"Bure ina herufi nne. Huria ina tano."

Salumu alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka. Kuruthumu aligeuza gazeti na kuweka kidole kwenye tangazo lililokuwa ubavuni mwa habari ile. KITO. MFUMO WA UHAKIKA KWA KITUO CHAKO. SI PROGRAMU YA BURE.

"Tangazo hili limekaa hapa kwa bahati?"

"Matangazo si idara yangu."

"Wakala wa Kito ni nani?"

"Saady. Ana duka la kompyuta barabara kuu." Salumu aliinua mkono. "Na chanzo changu siwezi kukitaja. Hiyo unaijua."

"Sijakuuliza chanzo. Nakuuliza kama uliwahi kwenda Kibondo siku hiyo."

"Nilikuwa semina. Nilipigiwa simu nikatoka nje kuzungumza."

"Ukaandika nje pale pale?"

"Pale pale, nimesimama." Uso wake ulichangamka kidogo. Alitoa simu, akapekua kwa kidole gumba, akaigeuza. "Gazeti jingine lilidai ndilo lililoanza. Waongo. Angalia. Nimemtumia mhariri saa tano na dakika kumi na moja. Hakuna mwandishi Tanzania nzima aliyekuwa nayo kabla yangu."

Kuruthumu aliusoma ule ujumbe neno kwa neno. Ulikuwa mfupi. *Mama mmoja mkazi wa Kitahana afariki kwa sindano. Skrini ya kompyuta ilionyesha neno HAKUNA mahali pa mzio. Mfumo ni ule wa bure wa Divine M. Maelezo yanafuata.*

"Binti alikuwa ndani ya ukumbi wakati unaandika haya?"

"Alikuwa anaongea jukwaani. Sauti yake ilikuwa inanifikia dirishani."

"Hukumngoja ashuke umuulize?"

Salumu aliiangalia simu yake mpaka kioo kikazima. "Ningepitwa," alisema.

Kuruthumu alimwomba afungue tena ule ujumbe. Akaupiga picha, akamwandikisha saa na tarehe, akamtaka aweke saini. Chai yake aliiacha imejaa.

*

Saady alitoka familia ya Tanga. Duka lake lilinuka wino wa printa. Alikuwa na kofia nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kusifia bidhaa, lakini alipoona kitambulisho cha polisi alishusha sauti.

"Jumanne ya wiki ile ulikuwa Kibondo," alisema Kuruthumu. "Siku mbili kabla ya kifo."

"Nilikwenda kumwonyesha Daktari Fidele Kito. Akakataa. Akasema ya kwake imeandikwa gazetini, ya kwangu haijaandikwa."

"Uligusa kompyuta yake?"

"Wallahi sikugusa. Nilikunywa soda nikaondoka. Usiku nililala Kasulu, na Alhamisi nilikuwa hapa dukani tangu asubuhi. Waulize majirani."

Kuruthumu alikuwa amekwisha kuwauliza. Mama mwenye duka la vitenge upande wa pili alisema Saady alimbadilishia betri ya simu Alhamisi saa tano, akamkumbuka kwa sababu betri ilikuwa mbovu.

Kuruthumu alitoa mfukoni bahasha ya kaki, akaivunja lakiri mbele yake, akatoa diski ndogo. "Hii ni nakala ya kanzidata ya zahanati ile. Ya asili nimeifungia. Wataalamu wa Dar watachukua wiki tatu. Mimi nina siku mbili. Isome."

"Mimi? Mimi ni mpinzani wa yule binti."

"Ndiyo maana. Ukisema jambo la kumsaidia, hakuna atakayesema ulitaka kumsaidia."

Saady alivuta kiti. Alichomeka diski kwenye kompyuta yake ya kazi, akafungua Kito, akaandika maneno machache. Haikuchukua muda hata wa kumaliza kupangusa miwani. Majina ya wagonjwa wa Kibondo yakajipanga kwenye skrini, moja chini ya jingine.

Kuruthumu aliyatazama. Kisha akamtazama Saady.

"Programu yako imefunguaje kitu cha mwenzako haraka hivi?"

Saady aliivua kofia, akaiweka juu ya printa. "Afande, naomba hili lisifike kwa Salumu."

"Sema."

"Ndani ni ileile."

"Ileile nini?"

"Kanzidata. Ile ya huria. Kampuni yetu imeichukua kama binti alivyoichukua, ikajenga juu yake nyumba yake, ikaipa jina Kito. Si wizi. Leseni yake inaruhusu. Makampuni makubwa duniani yanafanya hivyo hivyo kila siku. Inaaminika kwa sababu watu wengi wanaisoma na kuitafutia makosa."

"Na tangazo linasema si programu ya bure."

"Tangazo liliandikwa Dar."

"Kwa hiyo kama ya Divine iliua, yako nayo inaua."

Nje pikipiki ilipita na mzigo wa mabati yaliyokuwa yakigongana.

"Tafuta rekodi ya Esteri," alisema Kuruthumu. "Nataka kujua nani aliigusa na lini."

Saady alivaa miwani. "Kanzidata hii ina tabia moja. Kabla haijabadilisha kitu, inaandika kwanza pembeni. Nani ameomba, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi, palikuwa na nini, pamewekwa nini. Usipojua pa kufuta, unabadilisha neno lakini alama ya kubadilisha inabaki." Alishuka na kidole kwenye skrini. "Hii hapa. Mzio, penisilini. Iliandikwa miaka miwili iliyopita alipokwenda na ujauzito. Haikuguswa tena mpaka Alhamisi. Alhamisi ikabadilishwa kuwa HAKUNA."

"Saa ngapi?"

"Saa tano na dakika thelathini na mbili."

"Rudia."

"Saa tano na dakika thelathini na mbili asubuhi. Mtumiaji ni divine. Kompyuta ni ya mapokezi, palepale zahanati."

Kuruthumu aliandika, kisha akakaa na kalamu ikiwa imesimama. "Saa ya kompyuta inaweza kuwa imekosea?"

"Inaweza. Lakini humu inaonekana kila jioni nakala ya Kibondo inakwenda kwenye mashine nyingine hapa Kasulu, nayo inagonga saa yake." Alifungua ukurasa mwingine, akalinganisha. "Zinatofautiana sekunde mbili. Saa iko sawa."

Kuruthumu alichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika mambo kwa saa zake. Sindano, saa nne na arobaini. Kifo, saa nne na hamsini na nane. Ujumbe wa Salumu, saa tano na kumi na moja. Rekodi kubadilishwa, saa tano na thelathini na mbili.

Salumu alikuwa ameandika neno HAKUNA dakika ishirini na moja kabla halijawekwa kwenye kompyuta. Aliyempigia simu alijua skrini itasema nini wakati skrini yenyewe bado ilikuwa inasema penisilini.

"Afande?" alisema Saady.

"Chapisha ukurasa huu. Nakala tatu. Weka saini kila moja."

*

Alifika Kibondo saa nane mchana. Gari la polisi lilikuwa na kioo kimoja kisichopanda na vumbi lilimkalia begani. Hakulipangusa.

Zahanati ya Daktari Fidele ilikuwa jengo refu lenye bati la bluu. Muuguzi Vestina alikuwa uani anaanika mashuka. Alikuwa mwanamke wa Kiha wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa taratibu. Alipoambiwa aketi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaweka vibanio vya nguo mapajani.

"Mama Vestina, kompyuta ya mapokezi alikuwa anaitumia nani?"

"Ni mimi."

"Alhamisi saa tano na nusu hivi mtu aliitumia. Aliingia kwa jina la Divine. Neno lake la siri unalijua?"

"Silijui. Mimi nina la kwangu."

"Uliniambia Jumatatu kwamba hukumbuki siku ile vizuri."

"Nilisema hivyo."

"Na leo?"

Vestina alikibana kibanio kwenye kidole chake, akakitoa. "Saa tano na nusu sikuwa hapa. Nilimpeleka marehemu mochwari ya hospitali ya wilaya, kwa gari la jirani. Hatukutaka alale hapa kwenye benchi watu wakimwona. Nilisaini kitabu chao."

"Nimekiona kitabu. Saa tano na ishirini na tano. Saini ni yako." Kuruthumu alikuwa amepitia huko kabla ya kuja. "Nani alibaki hapa?"

"Daktari."

"Peke yake?"

"Wagonjwa walishakimbia. Peke yake."

"Sasa turudi nyuma. Sindano ulichoma wewe."

"Ni mimi."

"Kabla ya kuchoma ulitazama skrini?"

Shuka moja lilijaa upepo likashuka.

"Nilitazama. Kuna mstari unakuwa mwekundu. Penisilini. Na yeye mwenyewe aliniambia, sikuwa hata nimemuuliza. Alisema, 'Mama, msinichome ile, nikiwa mdogo kambini ilitaka kuniua.' Nikaandika pale pale kwenye kompyuta, ukurasa wa maelezo, chini ya jina lake. Nikaenda kwa daktari na karatasi yake, nikamwambia mama huyu ana mzio, mashine inasema na yeye anasema."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hawa wote wana mzio wa sindano. Wanaogopa tu. Choma.'" Alisema maneno hayo bila sauti yake kupanda wala kushuka. "Nikachoma."

"Kwa nini Jumatatu hukusema?"

"Kwa sababu niliyechoma ni mimi."

Kuruthumu aliandika hilo kama lilivyosemwa. Akampigia Saady, naye akayakuta maneno ya Esteri kwenye ukurasa wa maelezo, hayajaguswa. Alimsomea maelezo yake yote kuanzia mwanzo, naye akaweka saini, kisha akainuka akaenda kulichukua shuka lililokuwa limeanguka.

*

Daktari Fidele hakuwa daktari kwa vyeti. Alikuwa tabibu, lakini kwa miaka kumi na tisa watu wa Kibondo walimwita daktari na yeye hakuwasahihisha. Nyuma ya kiti chake gazeti lilining'inia ndani ya fremu, yeye na Divine wamesimama pande mbili za kompyuta.

Kuruthumu alimsomea onyo lake, kwamba halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa na huenda likatumika kama ushahidi. Fidele aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza dalili za mgonjwa.

"Nataka kuona bahasha," alisema Kuruthumu.

"Bahasha gani?"

"Divine alipofunga mfumo alikuachia neno lake la siri ndani ya bahasha, imefungwa kwa gundi, ili akipata ajali wewe usikwame. Imo kwenye mkataba wenu. Kifungu cha saba."

Fidele alifungua droo. Akafungua ya pili. Bahasha ilikuwa kwenye ya tatu, chini ya kitabu cha rufaa, na mdomo wake ulikuwa umechanwa.

"Ilichanika," alisema.

"Lini?"

"Sikumbuki. Zamani."

Kuruthumu aliiinua kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye mfuko wa ushahidi, akajaza fomu ya ukamataji. Palipochanwa karatasi ilikuwa bado nyeupe. Pembe nyingine zote zilikuwa za njano.

"Simu yako pia."

"Kwa nini simu?"

"Alhamisi ulimpigia mtu."

Aliiweka mezani mwenyewe, akaifungua mwenyewe. Kuruthumu alishuka kwenye orodha mpaka Alhamisi. Saa tano na dakika sita, Salumu Mwandishi. Dakika tatu na sekunde arobaini.

"Ulimwambia skrini ilisema HAKUNA."

"Ndivyo ilivyosema."

"Saa tano na sita ilikuwa inasema penisilini. Ilibadilishwa saa tano na thelathini na mbili." Aliweka ukurasa wa Saady mbele yake. "Jina lililotumika ni la Divine, lakini Divine alikuwa jukwaani Kasulu, na aliyemsikia ni mwandishi wako mwenyewe. Kompyuta iliyotumika ni ya Vestina, lakini Vestina alikuwa mochwari. Nani mwingine alikuwepo?"

Fidele aliusoma ukurasa ule wote, hata namba za chini zisizo na maana kwake. Alipomaliza aliurudisha sawasawa ulipokuwa.

"Nani amekusomea haya? Divine?"

"Saady."

"Saady wa Kito?"

"Huyo."

Kitu kilimtoka Fidele usoni na hakikurudi. Aliegemea nyuma, kichwa kikagusa fremu.

"Nilipoona anakosa pumzi nilitafuta dawa ya kumrudisha," alisema. "Ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita. Nikamkandamiza kifua. Nikaendelea hata alipokuwa ameshakwenda. Vestina ndiye aliyenishika mkono."

"Kisha?"

"Kisha nikakaa hapa. Tunasubiri barua ya kupandishwa kuwa kituo cha afya. Wiki hii au ijayo. Nikafikiri, itaandikwa tu. Bora nianze mimi. Nikampigia Salumu nikamwambia mgonjwa amekufa kwa mzio. Sikutaja kompyuta. Sikuwa nimeifikiria." Alilamba midomo. "Yeye ndiye aliyeuliza. Akasema, 'Daktari, skrini ilisemaje?' Nikajibu, hakuna. Lilitoka tu."

"Rekodi?"

"Nilipokwisha kumjibu, ikabidi iwe kweli."

Kuruthumu aliandika sentensi hiyo. Alimwuliza yaandikwaje majina ya dawa, akayaandika pia. Ilipofika saa kumi na robo Fidele aliweka saini ya mwisho na kuuliza kama anaruhusiwa kufunga dirisha, kwa sababu mvua inaweza kunyesha na kuna pamba pale. Alilifunga. Kisha wakatoka.

*

Askari wawili wa Kibondo walimchukua Fidele. Kuruthumu alisimama karibu na gari akampigia Divine.

"Kesho usije kuripoti."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Wala si programu. Ilikuwa sahihi muda wote."

"Na zahanati kumi na moja?"

"Hilo si la polisi."

"Gazeti litaandika?"

"Salumu amenipigia mara mbili. Sijapokea." Alifikiri kidogo. "Nimemtumia nyakati mbili tu. Tano na kumi na moja, na tano na thelathini na mbili. Akitaka ataandika. Mhariri wake naye anazo."

Divine alisema asante. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Kuruthumu akakata simu.

Kitahana haikuwa mbali. Niyibizi, mume wa Esteri, alikuwa shambani nyuma ya nyumba anang'oa maharage. Alikuwa mtu mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Mama wa marehemu alikaa mlangoni juu ya mkeka, anapepeta. Kuruthumu alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia kwa Kirundi.

Alimweleza Niyibizi wakiwa wamesimama kati ya matuta. Hakupunguza wala hakuongeza. Daktari amekamatwa. Kompyuta haikukosea. Neno lilibadilishwa baada ya kifo. Kesi itakwenda mahakamani, na ataitwa.

Niyibizi alisikiliza, mashina ya maharage yamemjaa mkononi. Udongo ulikuwa ukidondoka miguuni pake.

"Afande, nikuulize jambo moja."

"Uliza."

"Sisi tulikuwa tunajua ana ile shida. Nyumba nzima tunajua. Mimi siku ile nilikuwa soko la Kagerankanda, sikumsindikiza. Na Esteri alikuwa mtu wa kunyamaza. Akiwa mbele ya mtu mkubwa, mwalimu, daktari, padri, anatazama chini. Hasemi. Tumemzika Jumamosi, na mama yake toka hapo anasema mwanangu amekufa kwa kunyamaza. Anasema nilimlea vibaya. Hali chakula. Na mimi nilimkasirikia. Hata kaburini nilikuwa nimekasirika. Nikasema, neno moja tu, Esteri. Lingekuwa gumu nini?"

Kuruthumu alifungua daftari lake. Alitafuta ukurasa wa Vestina, akausoma kama ulivyo.

"Alisema. Hakuulizwa, alisema mwenyewe. 'Mama, msinichome ile, nikiwa mdogo kambini ilitaka kuniua.' Muuguzi aliandika maneno hayo kwenye kompyuta kabla ya sindano. Yamo. Hayakufutwa."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Soma tena."

Alisoma tena. Niyibizi alitikisa kichwa kidogo kwa kila neno, kama anayehesabu. Kisha akageuka na kwenda mlangoni, bado amebeba maharage, akachuchumaa mbele ya yule bibi.

"Mama," alisema. "*Yaravuze.*"

Mkono wa bibi ulisimama juu ya ungo.

"Alisema, mama," Niyibizi alirudia kwa Kiswahili, ili afande naye asikie. "Aliwaambia."